Nilivyomficha Daktari wa Pili

Mapigo ya ovyo yalirudi miezi tisa baada ya moyo wangu kuunguzwa hospitalini. Nilikuwa dukani kwangu Kariakoo, nimepanda ngazi ya mbao kushusha jora la kitambaa cha kanzu, moyo ukaanza kukimbia na kukwama kama cherehani iliyovuta uzi. Nilishuka, nikakaa juu ya majora, nikaandika kwenye daftari: saa tano na robo asubuhi, dakika arobaini, sina hasira, sijanywa kahawa. Mwisho wa mwezi daftari lilikuwa na mistari kumi na mmoja ya namna hiyo.

Daktari wangu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliisoma yote. Kisha akasema tunaweza kurudia. Mara ya kwanza alipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi ndani ya moyo, akaunguza sehemu zinazoanzisha umeme wa ovyo. Kwa baadhi ya watu, alisema, kovu huacha upenyo na umeme ukapata njia tena. La sivyo niendelee na vidonge, ambavyo vilikuwa vinanilegeza na mapigo hayakomi.

Nilimsikiliza huku nikimtazama mikono. Siku ile ya kuunguza aliniambia kazi imekwenda vizuri. Kama ilikwenda vizuri, tunarudia nini? Na kama haikwenda, kwa nini arudie yeye? Nilimwambia nitafikiri. Sikumwambia kwamba nilishaamua kwenda kwingine.

Kariakoo mnunuzi mwenye akili haulizi duka moja. Na akiingia duka la pili hasemi la kwanza limemwambia nini, maana akisema tu, muuzaji anapanga jibu lake kwa kulitazama lile. Nimeuza vitambaa miaka ishirini na sita. Wateja wa aina hiyo nawatambua, huingia wakiangalia dari. Nami niliingia kwa daktari wa pili nikiangalia dari.

Alikuwa kijana, akaniamkia shikamoo kabla sijakaa. Aliniuliza natumia dawa gani, nikasema hakuna. Aliniuliza kama moyo umewahi kufanyiwa chochote, nikasema hapana, bila kupepesa. Akautazama mchoro wa mapigo, akasema hakuna haja ya kukimbilia kuunguza, tuanze na kidonge. Nilitoka kifua mbele. Nilihisi nimemkamata yule mama.

Nyumbani Magomeni, mke wangu alikuwa anachambua mchele. Aliivuta karatasi ya daktari kwa vidole viwili, akasoma, akauliza mbona imeandikwa sijawahi kufanyiwa kitu. Nikamweleza jinsi ya kuuliza bei maduka mawili. Aliendelea kutoa mawe.

“Baba watoto,” akasema, “huyo amemtibu mwanamume mwingine. Sasa dawa ya huyo mwanamume unataka kuimeza wewe.”

Dawa ilikaa kabatini siku mbili bila kufunguliwa. Siku ya tatu nilirudi kwa yule kijana na makaratasi yote ya yule daktari mama, nikakiri. Hakunigombeza. Aliyasoma akiwa amesimama, kisha akaomba pakiti ya kidonge alichoniandikia, akaitia kwenye droo yake. Alisema ningekichanganya na kile ninachomeza tayari, moyo ungeweza kwenda taratibu hadi nikaanguka. Halafu akasema kwamba kwa historia yangu ya kweli, angenishauri lile lile la mama: kurudia.

Lile lile? Shaka ikanipanda upya. Nikamwuliza kama wanafahamiana.

“Alinifundisha, mzee.”

Kwetu kuna winga. Anakudaka barabarani, anakupeleka dukani kama rafiki yako, kumbe ana chake ndani. Nikamwuliza waziwazi kama yeye ni winga wa mwalimu wake. Alicheka hadi akavua miwani.

“Mzee, juzi nilikwambia usifanye. Winga gani huyo?”

Akanishauri nirudi kwa mama, nimwulize nini kilishindikana, na safari hii atafanya nini tofauti.

Nilirudi na daftari. Nilimweleza mama kwanza nilikopita, maana nilikuwa nimechoka kukumbuka nimemficha nani nini. Kisha nikamwuliza kama mara ya kwanza alikosea.

“Sijui,” akasema. “Kovu linaweza kuachia hata likiunguzwa vizuri. Inawezekana pia kuna mahali nilipita haraka. Nitaanza kwa kupima upya kila mahali nilipounguza, nione panapovuja, ndipo niguse. Nisipoona pa kugusa, nitatoka.”

Nilimwomba arudie ili niandike. Dukani kwangu muuzaji anayesema “sijui” hupoteza mteja. Nikauliza kama safari hii itashika, akasema hawezi kuahidi. Akanitajia hatari moja moja: kuvuja damu, kiharusi, ukuta wa moyo kutoboka. Nilimkagua uso kwa muda mrefu, kama ninavyokagua kitambaa kwenye mwanga, nikitafuta alichoficha. Kati yetu watatu, aliyekuwa amedanganya mpaka hapo ni mimi.

Nimechukua nafasi ya Alhamisi ya wiki ijayo. Fomu ya ridhaa sikuisaini palepale. Niliomba kuja nayo nyumbani, na mke wangu anaisoma, yuko ukurasa wa pili.