Dubu Anayefundishwa Kuondoka

Saa moja kasorobo asubuhi, mtunza wanyama anagonga ndoo mara mbili kwa kijiko cha mbao. Kutoka kwenye pango la saruji, dubu jike mwenye pua iliyopauka anachomoza kichwa, anapiga miayo, kisha anakuja kwa mwendo wa bibi harusi.

"Umeamkaje, Bibie?" mtunza anamuuliza. "Leo shibiri moja tu. Usinione mbaya."

Shibiri hiyo, urefu wa kiganja kilichotanuliwa, ni ya kuingia ndani zaidi ya sanduku la chuma la safari, lililoachwa wazi kwenye kona ya uwanja wake. Kwa wiki sita sasa, mtunza amekuwa akisogeza vipande vya papai ndani zaidi, kidogo kidogo. Siku Bibie atakapoingia mwili mzima na kutulia mlango ukifungwa, lori litaitwa, naye atahamishiwa bustani nyingine ya wanyama, yenye dubu wenzake wawili.

Watoto humwita mtunza huyu Babu Dubu. Ana miaka hamsini na tisa, na kumi na tisa kati yake ameitumia kumlisha Bibie pamoja na sungura ishirini na wawili wa banda la jirani. Marehemu mkewe alimwita dubu huyo mke mwenza.

"Nikichelewa kurudi alikuwa akiniuliza, 'Leo ilikuwa zamu ya bi mdogo?'" anasema, na kucheka mpaka machozi yanamtoka. Kicheko kinakwisha, machozi yanabaki.

Mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Binti yao anaishi mbali, hupiga simu Jumapili.

"Siku nyingine zote, wa kuzungumza naye ni huyu," anasema. "Nyumbani nafungua redio nipate wa kubishana naye."

Watoto wanaokuja bustanini wanajua hadithi chungu nzima za Sungura na Fisi, Sungura na Simba. Mmoja alimuuliza zamani, dubu yuko kwenye hadithi gani? Mzee akatunga yake. Sungura alilitamani pango la Dubu, akawa anamwekea asali kila asubuhi, mbele kidogo, mbele kidogo, mpaka Dubu akaingia mtegoni mwenyewe huku akiramba vidole. Ameisimulia miaka nenda miaka rudi, watoto wakivunjika mbavu.

Mwezi uliopita aliianza mbele ya wanafunzi, akafika kwenye asali, akaikatiza.

"Niliona mimi ndiye Sungura," anasema. "Nikawaambia koo limenikauka."

Daktari wa wanyama, anayesimamia uhamisho huo, anasema Bibie hamfuati mtu mwingine yeyote. "Mzee akisema dubu hayuko tayari, nani ambishie?"

Mzee alilijua hilo. Katika wiki ya tatu, siku tatu mfululizo, hakugonga ndoo. Bibie hakutoka, mzee akaandika kwenye daftari la kazi: amegoma.

Siku ya nne aliingia kusafisha pango. Dume la Bibie lilikufa miaka kumi na moja iliyopita, lakini majani ya kulalia yalikuwa yamelaliwa upande mmoja tu, kama siku zote. Upande wa pili ulikuwa haujaguswa.

"Na mimi nalala upande mmoja wa kitanda," anasema. "Nilishindwa kuendelea kumdanganya daktari. Upweke naujua, simtakii Bibie."

Akamwendea daktari, akakiri, na kesho yake akagonga ndoo.

Asubuhi hii Bibie anafuata papai hadi mwisho wa sanduku. Anakaa kitako, anatafuna. Mtunza anateremsha mlango, anahesabu hadi sitini kwa sauti, anafungua. Kisha anachukua daftari na kuandika maneno mawili: yuko tayari.

Likizo yake ijayo amepanga kusafiri hadi bustani hiyo nyingine, kijiko cha mbao kikiwa mfukoni.

"Nitasimama nyuma ya watu, nigonge uzio mara mbili," anasema. "Akigeuka, nitafurahi, nisikufiche. Ila naomba nimkute anacheza na wenzake, asinisikie."