Santuri za Gitaa Siku za Eda

Baba yangu alikuwa mpima mizigo wa forodhani, Kilwa Kivinje, zama za Mwingereza, na nyumbani alikuwa mtu asiye na maneno. Pengine mtu anayeshinda mizanini akisikiliza ubishi wa wenye nta na wenye ufuta hurudi kwake ameshiba maneno, sijui. Ninachojua ni kwamba aliingia, tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akavua viatu. Mama alimwuliza habari za kazi, akajibiwa nzuri. Habari hizo zilikuwa nzuri miaka yote niliyokaa naye.

Gramafoni aliipata kwa karani wa Kigoa, mkubwa wake pale forodhani. Mgoa huyo alifiwa na mkewe, akaomba uhamisho wa Lindi, na siku ya kufunga mizigo akamwachia baba gramafoni hiyo pamoja na sanduku lenye santuri saba, akisema yeye hawezi tena kuzisikia. Zote saba zilikuwa za gitaa. Gitaa peke yake, mtu kakaa mahali huko Ulaya anapiga kwa huzuni zake, haimbi, hapigiwi ngoma, hapigiwi makofi. Nyumba nyingine mbili tatu za mjini zenye gramafoni zilikuwa na taarabu, na barazani kwao hapakuwa na pa kukaa. Kwetu majirani walikuja siku ya kwanza, wakasikiliza santuri moja na nusu, wakauliza mwimbaji ataingia saa ngapi. Hawakurudi tena.

Mama mwanzoni alikuwa upande wa majirani. Alisema ni mchuzi usiotiwa chumvi. Lakini mama hakuwa mtu wa mjini. Alikuwa Mmatumbi wa Njinjo, kaolewa pwani akiwa msichana, na mpaka mimi nakua mawifi zake walikuwa bado wanamcheka namna anavyotamka. Akisema neno, mmoja analirudia, wengine wanaangua kicheko, naye anacheka pamoja nao, maana angefanya nini. Kwa hiyo naye akawa na maneno machache. Ukiyajumlisha na ya baba, nyumba yetu ilikuwa kimya kama nyumba yenye mgonjwa. Ndipo santuri zikamwingia taratibu. Siku moja nilimwuliza anasikia nini humo ndani, akaniambia kwamba mtu huyo hasemi kitu na wala hangoji kujibiwa.

Ilikuwapo moja aliyoipenda kuliko zote. Uzi mwembamba ulitetemeka mfululizo bila kupumzika, na chini yake nyuzi nene zilitembea taratibu, hata baba mdogo aliapa kwamba wapigaji ni wawili. Baba alisema ni mmoja. Walibishana kutoka alasiri mpaka magharibi, na huo ndio ubishi mrefu kuliko wote niliopata kumsikia baba akiufanya.

Baada ya sala ya alasiri baba alikuwa akitia sindano mpya, akizungusha mkono wa gramafoni, akiiweka hiyo. Mama alikaa mkekani akichagua mchele. Katikati ya santuri pana mahali ambapo huzuni ile inageuka, inakuwa nyepesi, kama chumba kilichofunguliwa dirisha. Hapo baba aliinua macho akamtazama mama, na mama akaacha mchele. Basi, hakuna zaidi. Ikiisha, baba aliifuta kwa kitambaa, akairudisha sandukuni, na mchele ukaendelea. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimeelewa kiasi cha kuona haya, nikawa najitafutia kazi jikoni. Sikupata kumsikia baba akimwambia mama neno tamu hata moja. Nadhani kule kumtazama ndiko kulikokuwa neno lenyewe.

Baba alikufa masika, kwa homa ya siku sita. Mvua ilinyesha mfululizo, na waliochimba kaburi walilazimika kuchota maji kwanza ndipo wakamlaza. Mama akaingia eda.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Mama alivalishwa bafta nyeupe, akawekwa chumbani, pazia likashushwa. Hakutoka nje, hakujitia manukato wala wanja, hakujitazama kwenye kioo. Shangazi, dada yake baba, alihamia kwetu kumsimamia asikosee. Kulia aliruhusiwa, bila kupiga mayowe. Wageni walioingia walimkuta analia, wakalia naye kidogo, wakanywa kahawa, wakaondoka wameridhika. Mtu wa eda kulia ndiyo kazi yake, hakuna wa kumwuliza kwa nini.

Muziki ulikuwa haramu nyumbani kwetu muda wote huo. Baba mdogo alitaka hata gramafoni itolewe, akisema nyuzi zile zinamsumbua marehemu kaburini. Shangazi akamjibu kuwa marehemu hakuwahi kusumbuliwa nazo akiwa hai, na shauri likaahirishwa mpaka eda iishe. Mama aliyasikia hayo yote kutoka nyuma ya pazia. Jioni ile aliniita, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini:

"Zile santuri niangalizie, mwanangu. Siku nikitoka nitaisikiliza ile moja, mara moja tu. Halafu wakitaka wachukue."

Nikamwahidi. Tangu hapo nilimwona akiwa ametulia zaidi, kama mtu aliyepewa siku ya kufikia. Akimaliza sala alikaa akigonga goti lake kwa kidole kimoja, haraka haraka, nami nilijua ni kitu gani kinapigwa pale.

Sasa nieleze upumbavu wangu, na nitaueleza kwa kirefu kwa sababu nilikuwa nimeuonea fahari.

Masika ya Kivinje yanaotesha ukungu kwenye kila kitu. Viatu vya baba vilikuwa vimeota manyoya, mikoba, misahafu, kofia zake. Karibu na arobaini, kama ilivyo ada, nguo za marehemu zilitakiwa kufuliwa na godoro lake kutolewa juani, ili siku ya hitima zigawiwe zikiwa safi. Mvua ilikatika, jua likawaka la kuchoma nyayo. Shangazi akanipa kazi, akaenda sokoni. Nilifua, nikaanika, nikapindua godoro la sufi. Kisha nikakumbuka amana yangu. Nikafungua lile sanduku, nikakuta ukungu umeanza kwenye majalada ya karatasi, doa hapa na doa pale.

Mama ni mtu wa shamba, na sisi tulilelewa kishamba hata kama tulikaa mjini. Kwake yeye jua ndiyo dawa. Makopa yakipata unyevu, juani. Ufuta, juani. Mto, blanketi, mtoto mwenye mafua, juani. Na alinifundisha kwamba kitu kikianikwa bapa chini hakikauki upande mmoja, lazima upepo upite chini yake. Basi mimi, binti niliyefundwa nikafundika, nilitoa mabakuli saba kabatini, nikayapanga uani, na juu ya kila bakuli nikaweka santuri moja. Nilisimama nikatazama ile safu nyeusi inayong'aa, nikajisifu. Nikaingia ndani kupiga deki.

Baba hakuniambia kamwe kwa nini sanduku lile lilikaa kona yenye giza, mbali na dirisha. Alituambia tusiguse, akaona imetosha. Mtu anayeshinda na nta mikononi alijua vizuri jua linafanya nini. Ningekuwa na baba mwenye maneno ningejua na mimi. Nimemkasirikia kwa hilo miaka mingi, na bado sijaona aibu ya kumkasirikia.

Nilipotoka baada ya sala ya adhuhuri, zote saba zilikuwa zimezama ndani ya mabakuli. Zimelegea katikati, kingo zimepanda juu. Nikainua moja, ikaja na umbo la bakuli. Nikaingoja ipoe kivulini nikidhani itarudi. Ilipopoa ikawa ngumu vilevile ilivyo.

Shangazi alirudi akanikuta nimekaa kati ya mabakuli. Hakunipiga. Alikaa chini kwenye kizingiti akaniuliza ile ya mama ni ipi, nikamwonyesha. Nikamwambia naingia kumweleza sasa hivi. Akanishika kanga.

"Usimwongezee msiba," akasema. "Ana moja moyoni, mwache amalize hiyo. Akitoka eda atakuwa na nguvu, utamwambia."

Shangazi alikuwa mmoja wa wale waliomcheka mama zamani, na nadhani huruma ile ilikuwa namna yake ya kutengeneza alichoharibu. Nami nilikuwa mwoga, nikaikamata ile huruma kwa mikono miwili. Tukazirudisha sandukuni, ambamo hazikuingia vizuri tena, tukafunika kwa kitambaa.

Siku chache baadaye nilijaribu kuinyoosha moja, si ile yake, kwa pasi ya makaa. Nilitandika kanga juu kama napiga kanzu pasi. Ilinyooka kweli, na ile mistari yote myembamba ambamo gitaa limo ikafutika, nikabaki na sahani nyeusi nyororo isiyo na sauti. Sikugusa nyingine.

Nilikaa hivyo karibu miezi mitatu. Kila baada ya siku mbili tatu mama aliniuliza kutoka nyuma ya pazia kama santuri hazijapata ukungu. Nilimjibu hazijapata. Na kweli hazikuwa na ukungu. Alinishukuru, akaniombea dua nipate mume mwenye kutunza kitu. Nikawa naogopa kuingia chumbani kwake. Nilipunguza chakula, nikakonda, na watu wakasema namna binti yule anavyompenda babake. Hata machozi yangu ya kweli juu ya baba yaliharibika, kwa sababu kila nilipolia sikujua tena nalia nini.

Siku ya kutoka eda wanawake walimwogesha mama alfajiri, wakamvalisha leso mpya, wakamtia wanja na hina, wakafukiza udi nyumba nzima. Alikuwa amepauka kwa kukaa ndani, na macho yalikuwa yamechoka, lakini alikuwa akitabasamu. Sijui nani mwingine alijua anatabasamia nini. Shangazi alinitazama, nikamtazama, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Wageni walikuwa bado. Mama akasema anataka kukaa peke yake kidogo na mimi, akanivuta mpaka kwenye ile kona, akakaa mkekani mahali pake palepale, akakunja miguu.

"Haya," akasema, "iweke."

Sikusogea. Alidhani sijui ipi, akanyoosha mkono mwenyewe, akafunua kitambaa. Aliitambua kwa karatasi yake ya katikati, iliyokuwa imechanika kidogo pembeni. Akaitoa. Akaizungusha mikononi, hina mbichi bado ikinukia vidoleni, akapitisha kidole kwenye lile bonde kutoka ukingoni hadi katikati. Aliijaribu juu ya gramafoni, pengine kwa kutoamini tu. Sindano ilishika kwa nukta moja, uzi mwembamba ukatetemeka kidogo, kisha ikateleza bondeni, ikaruka, ikakwaruza. Akaiinua sindano.

Nikamwambia yote hapo. Jua, mabakuli, shangazi, pasi. Nilisema haraka na vibaya, nikamwambia nilifanya alivyonifundisha, na mara tu lilipotoka hilo nikatamani kulirudisha mdomoni.

Aliniuliza ilikuwa siku gani. Nikamwambia kabla ya arobaini.

Barazani wanawake wa kwanza walikuwa wamefika, wanapiga hodi na vigelegele, wanamwita mwali wa eda atoke apongezwe, maana siku hiyo mjane hatakiwi kuonekana na chozi, ni mkosi kwake na kwa wenyeji. Wanja wake ulikuwa umepakwa vizuri sana. Nikaona macho yake yanajaa, nikaona anainua uso kutazama dari ili yasimwagike.

"Ungeniambia siku ile, mwanangu," akasema. "Siku ile nilikuwa na ruhusa ya kulia."

Kisha akanipa santuri niishike, akasimama, akatoka kuwapokea wageni.