Shanta la Hamisi

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Ilikuwa Jumamosi, enzi za Mwingereza, hapa hapa Tabora, nami nilikuwa mama kijana mwenye mtoto mmoja na maringo tele.

Mtoto huyo ni Hamisi. Alikuwa skauti tangu darasa la tatu. Kila beji aliyoipata, ya kufunga mafundo, ya huduma ya kwanza, ya kupika, niliishona mimi kwenye mkono wa shati lake, kisha nikalipiga pasi ya mkaa mara mbili. Sokoni sikununua mchicha kabla sijaulizwa habari za Hamisi. Asiponiuliza mtu, nilianza mwenyewe. Ungeniona ungenicheka.

Ikabaki beji moja, ile kubwa. Ili aipate, alitakiwa aende kwa miguu hadi Igalula kwa njia ya zamani ya misafara, amebeba shanta lenye chakula, sufuria na blanketi, alale huko, arudi kesho yake. Peke yake! Nikasema hapana, mtoto wangu mwembamba hivi, na jua lile la kiangazi. Nikamwita mdogo wangu Saidi, mwenye baiskeli, nikamwagiza kwa siri amngoje Hamisi kwenye nyumba za mwisho za mji, ampakie yeye na mzigo wake, kwenda na kurudi. Hamisi alikataa kwanza. Saidi akamwambia, "Mama yako ndiye kaagiza." Mtoto angefanyaje?

Basi Jumamosi ile jioni akarudi. Nilipiga vigelegele majirani wakatoka nje. Jogoo alikuwa ameshachinjwa.

Barazani alikaa baba mkwe wangu. Mzee huyo alikuwa mpagazi ujanani, alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo, enzi ambazo kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa mwanamume mpaka aione pwani na kurudi. Wenzake wakifika kambini walikaguana mabega, na penye lengelenge wakapakana mafuta ya nyonyo. Mzee akamwita mjukuu wake, akamvua shati, kibuyu cha mafuta mkononi, huku anacheka kwa furaha. Mabega yalikuwa laini. Kicheko kikakatika pale pale.

Kwa adabu ya ukwe hakunigombeza mimi. Alimwambia mjukuu wake, kwa sauti ya kunifikia jikoni: "Mjukuu wangu, kwetu mtu aliyebebewa mzigo wake, hata akifika pwani, alihesabiwa hajatoka nyumbani. Mwambie aliyekubebea kwamba amekunyang'anya safari yako." Akaingia ndani bila kula.

Nilitamani ardhi ipasuke. Hamisi akaja jikoni, akaniuliza, "Mama, kumbe ulidhani siwezi?"

Mwanangu, swali hilo linanichoma mpaka leo. Mimi niliyekuwa nikimtangaza soko zima, moyoni sikumwamini.

Jumatatu asubuhi nikajifunga kanga, nikaongozana naye hadi kwa mwalimu wa skauti, ambaye alikuwa ameshaandika jina la Hamisi kwa ajili ya beji. Nikamwambia, "Mwalimu, kosa ni langu." Hamisi akadakia, "Na langu pia." Mwalimu akalifuta jina. Ah, mtaa ulivyonisema! Wale niliowaringia walipata la kuzungumza mwezi mzima. Nikameza. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi wa kwangu nilikuwa nimeshamlisha.

Akaenda mara ya pili, mvua ikamkamata njiani, akachelewa, akaikosa beji. Akasema ataenda tena. Alfajiri ya safari ya tatu nilimpa chai tu. Shanta alilifunga mwenyewe. Nikaona limekaa upande, mikono ikaniwasha, nikaifunga nyuma ya mgongo wangu. Nikasimama mlangoni mpaka akapotea, wala sikumwita. Saidi alipita na baiskeli yake, akaniangalia. Nikamwambia, "Pita zako!"

Kesho yake jua likizama Hamisi akaingia uani anachechemea. Safari hii sikupiga vigelegele, nililia tu. Mzee akasogea kwenye mkeka, akampisha karibu yake, wakala sahani moja, wakiulizana habari za njia kama watu waliosafiri pamoja.

Basi nisikilize, wewe unayelea. Jivunie mwanao, tena mtangaze, mdomo ni wako. Lakini mwache achoke. Kumhurumia mtoto pasipohitaji huruma ni kumwambia kimya kimya kwamba hawezi, naye atakusikia. Na ukikosea, usingoje kusemewa: nenda ukaseme mwenyewe, mwanao akuone ukisema. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na hakuna mama awezaye kuinama kwa niaba ya mwanawe. Mwenyezi Mungu akujaalie watoto wa kukuliza kwa furaha, na siku watakapojitwika mizigo yao, akupe nguvu ya kusimama mlangoni bila kuwaita.