Roketi ya Manyok na Pete za Ngozi

Manyok Thiong Dau Mading. Hilo ndilo jina lake, na ukilitaja ulitaje lote. Mading ndiye aliyevusha ng'ombe wa ukoo mzima mwaka wa mafuriko, asipoteze hata ndama. Dau alimchoma simba mkuki akabaki na kovu shavuni, akawa analionyesha hata kwa wasiouliza. Thiong alichimba kisima ambacho maadui nao walikuja kunywa. Na Manyok mwenyewe alitoka Sudan kwa miguu angali mvulana, mtoto wa watu mgongoni, wakafika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, wote wawili wakiwa hai. Watu wa namna hiyo hawakuzaliwa kukaa foleni wakingoja kupimiwa mahindi.

Lakini ndiko alikokaa. Mwaka wa tisini na nane alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya kambini, na mama yake, Yar, ambaye hakumwona tangu wakimbie, alikuwa amelazwa hospitalini Lodwar. Dereva wa lori kutoka Lokichoggio ndiye aliyeleta habari: mama mrefu, mguu umeoza, kila Mdinka anayepita anamuuliza kama anamjua Manyok. Lodwar si mbali. Ila mkimbizi hapiti kizuizi cha polisi bila kibali, na kila alipokwenda kuomba aliambiwa asubiri. Alisubiri hata akaijua mikunjo ya suruali ya karani.

Kukatokea maonyesho ya sayansi Lodwar. Shule ilikuwa na roketi kuukuu ya karatasi ngumu, nene kama mkono wa mtoto, iliyoachwa na padri mmoja zamani. Mota zake, yaani vile vibomba vya baruti vinavyoisukuma juu, zilikuwa nyembamba kama kidole gumba, na hazikutengenezwa tena. Mgeni mmoja alileta mota mpya, nene kama betri ya tochi. Mwalimu mkuu, Mkongo aliyeitwa Firmin, akasema atakayeifanya roketi ile ikubali mota mpya ndiye atakayepanda nayo lori la Jumatano, kibali kwa jina lake.

Manyok akajitokeza, jina lake likaandikwa. Aling'oa bomba jembamba la ndani lililoshika mota za zamani. Akakunja karatasi kuizunguka mota mpya, akapata bomba pana zaidi. Sasa alihitaji pete za kulishika bomba hilo katikati, lisicheze. Katoni za mafuta ya msaada zilikuwa tele, lakini yeye ni mtoto wa ng'ombe; karatasi haikumtia imani. Alimwendea Akidor, mama wa Kiturkana aliyewaletea kuni, akampata anashona ngozi mbichi kwenye chombo cha maziwa kilichopasuka. Wakasalimiana ejok, Manyok akaomba kipande. Akaloweka, akakata pete, akalivisha bomba, akabandika kwa ulimbo wa mgunga. Mota iliingia ikatoka bila shida. Akaichomoa, akaianika roketi juani, akaenda darasani akiimba.

Jumanne ngozi ilikuwa imekauka, na imelikaba bomba. Mota haikuingia hata ncha.

Akidor alikuja kutazama akacheka mpaka akakaa chini. "Manyok, si ulisema wewe ni mtu wa ng'ombe? Ngozi ikikauka inajivuta. Mimi ndiyo maana naziba nayo nyufa."

Firmin naye alifika saa hiyohiyo, akakuta roketi imepasuliwa tumbo. "Mwalimu, hii ni roketi ao ni ngoma?" Hakungoja jibu. Alikwenda ofisini, jina la Manyok likafutwa, likaandikwa la Nyakuoth, mwalimu wa kwaya.

Manyok hakujua. Aling'oa ngozi, akakata pete za katoni, akazigandisha tatu tatu. Kwa kuwa mota mpya ilikuwa nzito na mkia ukavutwa chini, alijaza udongo kwenye pua ya roketi, akaining'iniza kwa uzi mpaka ikalala sawa. Jioni ilikuwa tayari. Alipoipeleka ndipo Firmin alipomwambia, macho yakitazama pembeni, kwamba jina likishapigwa mhuri halirudi.

Asubuhi lori lilikuwa limewashwa. Manyok alisimama upande wake wa kizuizi na roketi kwapani. Ilikuwa karatasi tu. Kisigino kimoja kingeimaliza, na asipokwenda yeye, asiende mtu. Nyakuoth aliteremka. Alikuwa Mnuer, na watu wake na Wadinka wa Manyok walikuwa wakipigana vita wao kwa wao. Kambini hao wawili hawakuwa wamewahi hata kuombana chumvi.

"Mimi sikuomba hii safari, mwalimu," alisema.

"Najua." Akampa roketi. "Funga uzi hapa penye alama. Mkia ukiinama, ongeza udongo puani, usiwashe. Ukishairusha, nenda wodi ya akina mama, umtafute Yar, mama yangu."

"Akiniuliza mimi ni wa kabila gani?"

"Mwambie kweli. Halafu mwambie nimefungiwa huku, sijamkataa. Na uombe kuuona ule mguu, dada yangu. Usiangalie uso wake, atakudanganya. Funua shuka, uuangalie mguu wenyewe, uninusie kama unanuka, na ukirudi uniambie vile ulivyo, usinipunguzie."