Nyasi za Makaburi ya Zamani

Juzi nilipita Mogitu nikakuta trekta linasawazisha makaburi ya zamani, pajengwe soko. Nikasimama tu. Ningemwambia nini dereva? Harufu ya udongo ule ikanirudisha utotoni.

Tulikuwa tumehamia Basotu kitambo, na mchana mmoja mama alinirudisha Mogitu kuona kaburi la dada yangu, aliyefariki akiwa mchanga. Watu walishaacha kuzika pale. Nyasi zilinifika kiunoni, zinanukia jua na mavi ya ng'ombe, nami nikafurahi, nikidhani tumekuja kucheza. Mama alizunguka, akainama, akazunguka tena.

Mzee mmoja alikuwa anachunga hapo.

"Shikamoo, mzee. Palikuwa na mawe matatu hapa, kaburi la mwanangu."

"Marahaba. Mawe? Watoto waliyafanya magoli. Nani angewakataza, na wenyewe hamji?"

Mama akaendelea kupapasa nyasi. Nilimwonea huruma, nikamwambia, "Tuchague tu sehemu nzuri, mama. Ile yenye maua."

"Tukikosea, mwanangu, tutakuwa tumemwacha yeye peke yake. Wewe tembea polepole tu. Anaweza kuwa popote."

Basi nikavua ndala, nikatembea kwa ncha za vidole uwanja mzima, nikizuia hata kikohozi, maana nilidhani dada amelala na mama hataki aamke. Leo najua mama hakuwa na pa kupiga magoti. Siku ile niliona tu kwamba naye amevua viatu, ananifuata nyuma.