Neno la Tatu

Kadi yenyewe ya harusi waliichagua bila ugomvi. Fundi, mshona nguo, na bintiye walikaa kwenye benchi la duka la uchapaji, wakapokezana sampuli, wakaangukia ile ya rangi ya maziwa, karatasi nzito kama ya cheti. Kazi ilikuja kwenye maneno. Mchapaji, mtu mpole aliyeitwa Wino na mtaa mzima kwa vidole vyake visivyotakata, alivuta kibodi akauliza wanaoalika ni akina nani. Bwana na Bibi? Bibi peke yake? Au Bibi na marehemu?

Fundi aliomba apewe muda.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Miaka kumi na moja nyuma aliondoka asubuhi na shehena ya saruji, akamwachia suruali aipunguze kiuno, akasema ataivaa akirudi. Lori lilikutwa limeegeshwa kando ya barabara, milango imefungwa, hata mfuko mmoja haujaguswa. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti. Polisi walitafuta, ndugu wakatafuta, mpaka tajiri wake akachoka kupokea simu. Tangu hapo Fundi hakuwa mjane wala hakuwa mke wa mtu. Alishona, akalea binti, akamtunza mama mkwe, na kila aliyemuuliza habari za mumewe alimjibu kwamba bado hazijafika.

Wino aliwapa siku tatu, la sivyo kadi zisingewahi. Upande wa bwana harusi nao walituma ujumbe kwa adabu zote, wakitaka kujua ni nani atakayesimama kama baba wa binti.

Binti alitaka Bwana na Bibi. Je, baba akiiona kadi mahali, huko aliko?

"Mama, ukiandika marehemu, sigawi hata kadi moja," alisema, akaingia chumbani na kurudishia mlango.

Fundi aliyaandika yote matatu kwa chaki ya kushonea juu ya kitambaa, akayafuta, akayaandika tena. Akiandika Bwana, atakuwa amewadanganya watu mia mbili kwa maandishi. Akimwacha, itakuwa kana kwamba hakuwahi kuzaliwa. Akiandika lile la tatu, atakuwa amemuua kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya pili alishona mkono wa kushoto wa gauni la mteja upande wa kulia, akafumua, akakosea vilevile. Ndipo alipoacha cherehani, akalaza kichwa mezani, akalia huku ameuma kitambaa, maana mama mkwe alikuwa chumba cha pili na masikio yake hayakuwa yamezeeka.

Huyo ndiye aliyemwogopa zaidi. Katika miaka yote hiyo, mgeni yeyote aliyethubutu kusema Mungu amrehemu alitoka nyumbani mle bila kumaliza chai yake.

Siku ya tatu asubuhi Fundi alimpelekea uji, akaketi kwenye mkeka, akamweleza huku akitazama sakafu. Mama mkwe, bibi yake binti, aliweka kikombe chini.

"Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Sijui, mama. Nimechoka kutojua."

Bibi alisukuma kikombe kando, na Fundi akadhani anafukuzwa. Kisha akasema, polepole, "Mimi nilijua tangu mwaka wa pili. Mwanangu hawezi kukaa hivyo bila kunitafuta. Nilinyamaza kwa ajili yako. Nilikuona unashona, nikasema, huyu akijua atavunjika."

Fundi aliinua macho toka sakafuni. Naye miaka yote alikuwa akinyamaza kwa ajili ya bibi.

"Andika," bibi alisema. "Aliyemzaa ni mimi. Acha niseme mimi."

Binti alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alikaa chini palepale. Uji ulipoa na hakuna aliyeukumbuka.

Kadi zilipotoka, bibi, ambaye hakujua kusoma, aliomba aonyeshwe mwanawe yuko wapi. Fundi alimshika kidole akakiweka juu ya lile neno, akakisogeza hadi kwenye jina. Bibi hakukiondoa haraka. Binti alitia kadi kwenye bahasha, na kesho yake, bila kuambiwa, akatoka kuzigawa.

Mke wa fundi viatu, jirani wa mlango wa pili, ndiye aliyepata ya kwanza. Alikuja na kadi mkononi, na Fundi akajipanga kupokea hongera. Jirani alivua viatu, akaketi chini karibu naye.

"Pole, mwenzangu," alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie."

Kufikia alasiri uani palijaa. Watu walikuja na mabenchi kama msibani, wanawake wakaingia ndani kwa bibi, na hakuna aliyeitaja harusi. Binti alirudi na bahasha zilizobaki, akasimama kwenye kizingiti, asijue azigawe au azifiche. Fundi alimwona, akataka kunyanyuka amfuate, lakini jirani alimshika mkono akamkalisha, kama afanyiwavyo mfiwa.