Ndoyi Aliyekataa Kubebwa

Nilimfundisha mwanangu kumpenda koko kwenye simu, nikadhani kazi imekwisha. Kila Jumapili, huko Ubelgiji tunakoishi, nilimpakata, nikapiga simu ya video, na uso wa bibi yangu ukajaa kwenye kioo: miwani minene, kilemba, pengo la meno mawili mbele. Mtoto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Koko, kama tunavyowaita bibi na babu Kisangani, alimwamkia kwa neno moja tu: ndoyi. Ndoyi ni mtu mnayechangia jina, naye hamwiti mwenzake vinginevyo, hata kama mmoja ana miaka themanini na mwingine miezi kumi.

Sikutoa jina lile ili kufuata desturi tu. Mama yangu alifariki nikiwa natambaa, na koko ndiye aliyenilea katika nyumba ileile ya mtaa wa Tshopo anamoishi mpaka leo. Aliniogesha yeye. Kwake, kuogesha mtoto si kumwagia maji. Ni kunyoosha mikono na miguu, kukanda mgongo, kuvuta shingo taratibu, kisha mafuta ya kokwa za michikichi kutoka utosini hadi unyayoni. Watoto wote wa ukoo wetu walipita mikononi mwake. Aliposikia nimejifungua msichana na jina nimempa lake, alinunua beseni jipya la plastiki, la kijani, akaliweka chini ya kitanda chake, na ole wake mtu aliyetaka kulitumia kuoshea sombe, majani yetu ya muhogo.

Siku moja aliniambia kwenye simu kwamba mikono yake imeanza kutetemeka. Alitaka kumwogesha ndoyi wake mara moja, kabla mikono haijamkatalia kabisa. Hakuomba kingine. Nikakata tiketi.

Safari yenyewe sitaki kuikumbuka sana. Mtoto alilia kuanzia mawinguni juu ya Ulaya hadi Kinshasa, akanyamaza tulipotua, akaanza tena tulipopanda ndege ya Kisangani. Alinitapikia nguo mbili, nami nilikuwa nimebeba moja ya akiba. Jirani yangu wa kiti, bwana mmoja wa makamo, alitoa pamba mfukoni akaziba masikio bila hata kujificha. Nilimchukia kwa saa nzima, kisha nikamwomba pamba.

Nyumbani, koko alikuwa ameketi barazani tangu asubuhi, amevaa kikwembe kipya, mikono juu ya mapaja kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Nyuma ya nyumba walikuwa wanatwanga lituma. Harufu ya ndizi ilinijia nikasahau uchovu wote. Nilipiga magoti, nikamweka mtoto mapajani pake. Mtoto aliinua macho. Akaiona miwani, akaliona pengo, akavuta pumzi ndefu, na mtwangio ukasimama nyuma ya nyumba kwa jinsi alivyopiga kelele.

"Bon, mutoto iko mwenye kuchoka," koko alisema, akanirudishia. "Tutangoja."

Tulingoja. Siku ya pili mtoto alikwenda kwa kila mtu. Alikwenda kwa mama yangu mdogo, tunayemwita tantine, akalala kifuani pake kama anamjua tangu tumboni. Alikwenda hata kwa muuza makaa aliyepita na gunia kichwani. Ila koko. Koko akisogea tu, yeye huyo, anageuza uso na kunishika shingo kwa kucha.

Kila mmoja alikuwa na dawa yake. Koko avue miwani. Akavua, na kwa kuwa hakuona vizuri akakanyaga biskuti aliyotaka kumpa. Koko avae fulana yangu ili awe na harufu yangu. Akaivaa, bibi wa miaka themanini, fulana ya timu ya mpira ya Ubelgiji. Tantine ndiye aliyepata wazo la simu: koko aingie chumbani, apige simu, mtoto aucheke ule uso anaoujua, halafu koko atoke polepole akiwa bado anaongea. Mtoto akacheka, naam, akapiga kioo kwa kiganja. Koko akasogeza pazia, simu mkononi, akitabasamu. Mtoto akatazama simu, akatazama pazia, na kilio cha siku ile kilizidi vyote vilivyotangulia.

Sisi tulicheka. Koko hakucheka. Aliketi, akaizima simu, akaomba aletewe maji.

Nilijua la kufanya kwa mambo mengi. Nina vitabu, nina mtandao, nina ulimi mkali. Kwa hili sikuwa na kitu. Siwezi kumlazimisha mtoto apende, na siwezi kumwambia mtu aliyenilea kwamba mwanangu hamtaki. Nilikuwa katikati yao nikimbembeleza huyu na kumwomba radhi yule, na wote wawili nikawa siwatoshi.

Ndipo jirani mmoja, mama mwenye neno kwa kila jambo, akasema uani petu kwamba ndoyi akimkataa ndoyi wake, jina linataka kubaki na mmoja. Imani hiyo sikuwahi kuisikia, wala tantine hakuwahi. Nilimjibu vibaya, mpaka nikaona haya baadaye. Lakini koko alikuwa amesikia.

"Kama ni mutu ya kwenda, ni miye," alisema kwa upole, akichambua mchele. "Yeye amefika tu sasa hivi."

Nilimwambia asirudie maneno hayo. Hakuyarudia, na hakuomba tena kumbeba mtoto. Beseni la kijani lilibaki chini ya kitanda.

Juma la pili, asubuhi moja, mtoto aliamka kimya. Hiyo ndiyo iliyonishtua. Alikuwa na joto kama sufuria, macho nusu, na nilipompa ziwa aligeuza kichwa. Nilikuwa nimekuja na mfuko mzima wa dawa kutoka Ulaya: kipimajoto, matone, mafuta ya kufukuza mbu, chandarua chenye zipu. Kipimajoto kiliandika arobaini. Nilikitikisa, nikapima tena, kana kwamba kosa lilikuwa la kipimajoto.

Tulikimbia kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Wakampima damu, wakakuta malaria. Muuguzi, binti mtaratibu, alitafuta mshipa kwenye mkono ule mdogo mara tatu, akaupata mguuni, akatundika dripu ya serum. Alinieleza kila kitu vizuri, nami sikushika hata neno moja. Baba yake mtoto alipiga simu kutoka Ubelgiji kila baada ya muda mfupi, akiniuliza swali juu ya swali, mwishowe nikamkatia. Nilizaliwa mji huu. Niliugua malaria mara ngapi hapa, sijui. Na bado nilisimama kando ya kitanda kile kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Neno la jirani lilikuwa limenikaa kichwani: jina linataka kubaki na mmoja.

Koko alifika mchana juu ya pikipiki ya kukodi, yeye aliyeapa hatapanda pikipiki maishani. Tantine alikuwa nyuma yake, amemshika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili amebeba beseni la kijani.

Koko hakuomba ruhusa. Aliomba maji ya vuguvugu, akaketi kitandani, akanyoosha mikono. Nilimpa mtoto. Mtoto alimtazama usoni, miwani ile, pengo lile, na hakulia. Hakuwa na nguvu za kulia. Nilikuwa nimemwomba Mungu siku ile ya kwanza kwamba mtoto anyamaze mikononi mwa koko. Sasa alikuwa amenyamaza, na ningetoa chochote asikie hofu kidogo tu.

Koko alichovya kitambaa, akamfuta paji la uso, kwapa, nyuma ya magoti. Mikono ilitetemeka mpaka ilipomgusa, kisha ikatulia. Akamnyoosha mkono mmoja, kisha wa pili, akiukwepa mguu wenye sindano. Alikuwa akimsemesha kwa sauti ya chini muda wote, maneno ambayo bila shaka aliniambia hata mimi. Niliketi sakafuni, kichwa kwenye ukingo wa kitanda, nikimtazama akifanya jambo alilolingoja miezi kumi, na sikuona furaha yoyote usoni mwake.

Alikaa naye siku mbili. Alimweka kifuani, ngozi kwa ngozi, kikwembe juu yao wote wawili. Mimi nilikamua maziwa, koko akamnywesha kwa kijiko, tone kwa tone. Nilipomwambia apumzike aliniuliza nani kamwambia amechoka. Hakula zaidi ya kipande cha lituma alicholetewa na tantine.

Siku ya tatu asubuhi joto lilikuwa limeshuka. Muuguzi aliondoa sindano mguuni. Mtoto alikuwa amelala juu ya koko, jasho limemlowesha nywele, na koko alikuwa amesinzia kaketi, miwani imeteleza hadi puani. Mtoto akafumbua macho. Macho mazima. Akautazama ule uso kwa muda mrefu, kwa makini, kama mtu anayesoma barua. Kisha akavuta pumzi.

Kilio chake kilitoka mpaka barabarani. Alijipinda, akausukuma mkono wa koko, akaninyooshea mikono yote miwili. Nilimrukia nikaanza kuomba radhi, kwa kuwa sikujua jambo jingine la kufanya, nikasema koko unisamehe, koko usikasirike, bado hajakuzoea.

Koko alikuwa anacheka. Pengo lake lote nje, machozi yanaingia chini ya miwani.

"Musikie," aliniambia. "Musikie sauti. Iko na nguvu. Ndoyi yangu amepona."

Akainuka kwa shida, akasogea hadi kwenye benchi la mbali karibu na mlango, mahali ambapo mtoto angeweza kumwona bila kuogopa, akaketi pale na beseni lake miguuni. Mtoto alilia begani kwangu, mimi nikalia juu ya nywele zake, na aliyecheka mle ndani alikuwa koko peke yake.